Mbwa Asiye na Viroboto

Romanus alikuja Jumanne asubuhi, umande ulioganda ukiwa bado mweupe juu ya majani, na gunia begani. Hakupiga hodi. Alilitua katikati ya uwanja wangu, pale ninapoanika ulezi, akalifungua mdomo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko na kutoa konzi ya maua makavu ya pareto. Akakunjua kiganja mbele ya uso wangu.

"Mama Emilia, wewe ulifika darasa la nne. Nisomee hii."

Ndani ya maua yale mlikuwa na manyoya. Mafupi, magumu, ya rangi ya kahawia inayoelekea njano. Hayakuwa ya paka wala ya mbuzi. Sote wawili tuligeuka kumtazama mbwa wangu, aliyelala kizingitini na kidevu chake juu ya miguu ya mbele. Rangi ilikuwa ile ile.

Mwaka huo ulikuwa 1954. Mume wangu Efraimu alikuwa kwenye mkonge upande wa Tanga kwa mkataba. Lori lilimchukua Makambako pamoja na vijana wengine wa Kibena na Kikinga, nami nikabaki na binti yetu Emilia, aliyekuwa na miaka minne, mbuzi watano, kuku, na mbwa huyo. Mahindi ya mlimani yalikuwa hafifu mwaka huo. Chakula chetu cha miezi iliyobaki kilikuwa kwenye kinyungu, ile bustani ya bondeni tunayolima wakati wa kiangazi kwa unyevu wa mto. Nilikuwa nimepanda viazi, maharage, na mistari kumi na miwili ya mahindi. Nguruwe-pori walikuwa wakishuka kila jioni. Mwaka uliotangulia, Noela wa ng'ambo ya mto, ambaye hakuwa na mbwa, aliamka akakuta kinyungu chake kimefukuliwa kama kimepitiwa na jembe la ng'ombe, na watoto wake walishindia uji wa pumba mpaka mvua zilipokolea. Kwa hiyo mtu aliyemgusa mbwa wangu alikuwa amegusa sufuria yangu.

Mbwa aliitwa Mtasema. Kwetu watu humpa mbwa jina la jambo wanalotaka majirani walisikie, maana mbwa huitwa kwa sauti mara nyingi kwa siku. Efraimu alimpa jina hilo kwa ajili ya ndugu zake, waliomsengenya kwamba amenunua baiskeli kabla ya kumaliza mahari yangu. Romanus na mkewe Oktavia walihamia jirani yetu baadaye, wakitokea upande wa misheni ya Kikatoliki, na hawakujua habari ya baiskeli. Walikuta tu kwamba kila jioni mwanamke wa Kilutheri anasimama karibu na ua wao na kuita, "Mtasema, Mtasema." Oktavia alikuwa na tabia ya kuimba akitwanga. Nilipoita, mchi ulinyamaza. Mwanzoni nilitaka kumweleza, kisha nikaona kwamba anayetaka kujua huuliza, nikaacha. Ndivyo tulivyokaa miaka miwili, tukisalimiana kwa "kamwene" ya haraka na kila mtu akishika njia yake.

Pareto nayo ilikuwa kitu kigeni kwetu wakati huo. Kwa wazungu wenye mashamba ilikuwepo, lakini kwa watu kama sisi waliokuwa na kadi ya mkulima walikuwa wachache, na Romanus alikuwa mmoja wao. Alikuwa ameibandika kadi ile ukutani chini ya picha ya Bikira Maria. Maua yake ni meupe pembeni na manjano katikati, na kwa kuwa ukungu wa kwetu hauachi kitu kikauke, alijenga banda la udongo, akatengeneza chanja mbili za mianzi ndani yake, ya juu na ya chini, na kuweka moto wa makaa chini ya chanja. Mlango wa banda ulifungwa kwa kamba ya katani kwa nje. Nalijua fundo lake kwa sababu lilikuwa linaonekana kutoka jikoni kwangu.

Sasa mkaguzi wa pareto huko Makambako alikuwa amelichoma gunia kwa chuma chake chenye mdomo kama wa kijiko, akavuta maua ya katikati, akakuta manyoya, na maua yaliyopondeka kama yaliyolaliwa. Alilikataa gunia. Kwenye kadi akaandika kwa wino mwekundu, na kumwambia Romanus kwamba akileta tena uchafu kama huo, kadi itabaki pale pale mezani.

Nilimwambia pole, na nilimaanisha. Kisha nikamwuliza mbwa amefunguaje fundo la katani.

"Mbwa hafungui," alisema Romanus. "Mwenye mbwa ana vidole."

Akafunga gunia lake, akaondoka.

Nilikaa kitako pale nilipokuwa. Kumbe haikuwa habari ya mbwa tu. Alikuwa ananiambia kwamba mimi, Tabea, niliyefundishwa Katekisimu nikaweza kuisoma kwa kichwa, nimeingia bandani mwa watu na kulaza mbwa juu ya maua yao. Kadiri nilivyofikiri ndivyo nilivyoona jambo jingine. Mwezi wa Mei Romanus alikuwa amemwomba Efraimu apitishe mfereji wa maji katikati ya kinyungu chetu, na Efraimu alikataa. Nguruwe wakinimaliza, kinyungu kitakuwa pori, na pori halimkatalii mtu mfereji. Na manyoya ya Mtasema yalikuwa yamejaa kwenye miiba ya ua wetu, mtu yeyote angeweza kuyachuma kama pamba. Mpaka jua linatoka kwenye ukungu nilikuwa na hakika kwamba Romanus ameyatia manyoya yale mwenyewe.

Siku ya pili yake alikwenda kwa jumbe. Jumbe wetu alikuwa Methusela, mtu wa koti la kaki na ugoro, ambaye hakupenda mashauri marefu kwa sababu ya mgongo wake. Aliagiza tufike Jumatatu. Mjumbe wake aliniambia mapema, bila ubaya, kwamba mbwa akionekana na hatia atauawa kwa mkuki siku hiyo hiyo, kama alivyofanyiwa yule aliyekula kondoo wa mwinjilisti.

Siku zile tano zilikuwa ndefu. Kamwene iliisha. Mchana nilimfunga Mtasema kwenye nguzo ya zizi, na jioni nilimfungua ashuke kinyunguni kama kawaida. Romanus alisimama kwenye ua wake akitazama nani anatoka na nani anaingia. Nami nilipokuwa nikiosha vyombo niligeuka kila mara kuangalia mlango wa banda, kama fundo liko vile vile. Nilianza hata kuhesabu mara ambazo Oktavia anapita. Alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kutazama chini, na safari hii aliyainamisha zaidi. Nilisema moyoni, huyu anajua alichofanya mumewe.

Mtu pekee aliyekuwa akipita kati ya nyumba mbili alikuwa Bibi Hulda wa juu. Alikuwa mjane, watoto wake wote wamemtangulia, akiishi na jike la mbwa mzee lenye jicho moja, rangi ya kahawia nalo, liitwalo Nimebaki. Bibi Hulda alimchumia Romanus pareto kwa kibarua. Alikuja kwangu Ijumaa kuomba moto, akaniambia kwamba huko kwa jirani mambo si mazuri: mume anasema neno moja kwa siku, na mke hata hilo moja halijibu. Alisema kwamba Romanus ana kitu atakachokionyesha mbele ya jumbe, kitu kisichojua kusema uongo. Nilimwuliza ni kitu gani. Bibi Hulda akasema yeye ni mchumaji tu, na kichwa chake hakishiki mambo. Nilipomsindikiza mpaka kwake kumbebea kuni niliona mbwa wake amelala juu ya gunia kuukuu. Sikulitilia maanani wakati ule.

Kuna jambo nililoliona mapema na sikutaka kuliona. Alhamisi alfajiri Mtasema aliporudi, nilimpapasa tumboni. Mbwa aliyekesha bondeni na umande ulioganda hurudi ameloa mpaka kifuani, anatetemeka, na manyoya yake yameshikana. Huyu miguu tu ndiyo iliyolowa. Tumbo lilikuwa kavu, lina joto, kama mkate. Na alinukia moshi. Nilijiambia amelala kwenye majivu ya mtu aliyechoma majani huko njiani.

Kisha ikaja Jumamosi. Kila Jumamosi, baada ya kufua, nilikuwa namlaza Mtasema mapajani na kumtafuta viroboto, kwa maana nyumba yetu ilikuwa ya udongo, mbuzi walilala ndani upande wa pili wa kiambaza, na viroboto wa huko walikuwa jamaa kama sisi wengine. Mimi na Emilia tulikuwa na madoa kiunoni. Huwa naanza nyuma ya masikio, nashuka shingoni, namalizia chini ya mkia, na ninawaponda kati ya kucha mbili. Kwa kawaida nilichoka kabla hawajaisha.

Siku ile nilianza nyuma ya masikio. Hakuna. Shingoni hakuna. Nilimgeuza chali, nikatenganisha manyoya kwa vidole, mstari kwa mstari kama ninayesuka. Kwenye shina la manyoya niliona vitu vyeusi kama punje za mchanga. Nikavitia kiganjani. Walikuwa viroboto, wakavu, wamekufa wote, miguu imekunjwa. Nikamshika mguu wa nyuma na kutanua vidole vyake. Katikati ya vidole viwili palikuwa na jani dogo la ua, jeupe, jembamba, limekauka.

Kila aliyewahi kuchuma pareto anajua kazi yake. Wazungu hawakuja kuinunua kwa harufu. Hiyo ndiyo dawa ya wadudu yenyewe.

Nilikaa na lile jani kiganjani mpaka Emilia akaniuliza kama nimechomwa na mwiba. Basi Romanus hakuwa mwongo. Mtasema alikuwa amelala bandani, tena si mara moja. Lakini fundo je? Mimi sikulifungua, na mbwa hana vidole. Nikarudi tena kumshuku Romanus, kwamba labda alimwita ndani kusudi; shuku hiyo haikukaa, maana nani ataharibu gunia lake na kadi yake kwa ajili ya mfereji? Na hapo nikaelewa kitu kisichojua kusema uongo ni kitu gani. Romanus anaishi na pareto. Jumatatu atasema: mfungueni mbwa manyoya tuone.

Nilitia lile jani motoni.

Nitasema yote niliyofanya, kwa mpangilio. Nilichemsha maji, nikamwosha Mtasema kwa sabuni ya kipande niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya nguo za kanisani, mara mbili, na kumsugua kati ya vidole kwa kijiti. Nikamkausha karibu na moto. Halafu nikamwingiza upande wa mbuzi, nikamfunga pale pale wanapolala, kwenye vumbi. Juu yake nikamtupia ngozi kuukuu ambayo kuku wangu wawili walikuwa wameatamia mayai juu yake. Kinyungu usiku huo hakikuwa na mlinzi, na asubuhi nilikuta mistari miwili ya viazi imefukuliwa. Jumapili nilikwenda kanisani, nikasimama mahali pangu kwenye kwaya, nikafungua mdomo na sauti haikutoka. Mama mmoja akaninong'oneza kwamba baridi ya mwaka huu imewapata wengi. Niliporudi, Mtasema alikuwa anajikuna kwa mguu wa nyuma mpaka nguzo inatikisika. Nikamwongezea siku.

Jumatatu tulikaa barazani kwa jumbe, wanaume upande wa ukuta, wanawake chini kwenye mkeka. Romanus alieleza shauri lake vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema yeye huamka mwenyewe kutunza moto wa banda, na kila akifika fundo huwa limefungwa vile vile, maana yake aliyeingiza mbwa ni mtu mwenye akili. Akaonyesha manyoya. Akaonyesha wino mwekundu. Jumbe alinigeukia, nikasema sikufungua kamba ya mtu, na mbwa wangu kazi yake iko bondeni.

Ndipo Romanus akatoa shuka jeupe, akalitandika. Akaeleza kwamba mbwa aliyelala juu ya pareto hana kiroboto hata mmoja aliye hai. Watu walipenda jambo hilo. Jumbe naye, kwa kutaka haki ionekane, akaagiza mbwa wote wa kitongoji wenye rangi ile waletwe. Wakaletwa wawili tu: wangu, na Nimebaki wa Bibi Hulda.

Romanus alitoa kitana, akaanza na wangu. Alipomchana mara ya kwanza viroboto waliruka shukani kama ulezi unaomwagwa kwenye ungo. Watu walicheka. Mmoja akarukia koti la kaki, na jumbe akasogeza kiti nyuma huku akisema ushahidi huu umwendee aliyeuleta. Romanus alichana tena na tena, jasho likamtoka. Mwishowe akaniangalia, nami nikaangalia mkeka.

Akamleta Nimebaki. Akamchana mgongoni, ubavuni, tumboni. Shuka likabaki jeupe. Akachana tena. Zilianguka punje chache nyeusi, kavu.

Hakuna aliyecheka. Bibi Hulda alisema mbwa wake haoni vizuri, hatoki nyumbani, mlango wa banda hata haujui. Aliulizwa kwa nini basi hana viroboto. Akasema hajui, labda ni uzee. Romanus akasema, kwa sauti ya chini ambayo haikuwa ya hasira, kwamba kumbe ni yeye anayeingia bandani kila siku kwa kazi, na vidole anavyo. Jumbe akanusa ugoro wake. Akasema hana la kuongeza, sheria waliipanga wenyewe tangu habari ya kondoo. Mtu wake akauchomoa mkuki kutoka kwenye mapaa.

Bibi Hulda hakulia wala hakubisha. Alifungua kitambaa cha kichwani, mvi zake zikaonekana mbele ya wanaume, akamfunga nacho Nimebaki lile jicho moja lililobaki, ili asione. Akamwambia neno sikioni kwa Kibena, neno la kumtuliza mtoto.

Nilikuwa najua lile gunia analolalia. Lilikuwa gunia la pareto, Romanus mwenyewe alimpa lilipotoboka. Nilikuwa nalijua tangu Ijumaa na sikujua kwamba nalijua. Nilifikiri habari ya mistari yangu kumi na miwili, na Efraimu aliyebakiza miezi saba, na nilifikiri kwamba nikikaa kimya kidogo tu, muda wa kuhesabu mpaka ishirini, kila kitu kitakuwa kimepita.

"Baba Jumbe," nilisema, "wale viroboto ni wa mbuzi wangu."

Nikaeleza. Tumbo lenye joto, punje nyeusi, jani jeupe, sabuni, zizi, ngozi ya kuku. Nikaeleza na gunia la Bibi Hulda. Jumbe alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza ili ahakikishe kwamba mgongo wake haujamchanganya kichwa: "Yaani umempaka mbwa viroboto, kama watu wanavyompaka mtoto mafuta."

Nikasema ndiyo.

Safari hii walicheka hasa, hata mwenye mkuki. Romanus peke yake hakucheka. Alisimama, akasema sasa imejulikana nani mwongo, na kama ameosha ushahidi basi fundo ni yeye aliyelifungua. Nikasema la viroboto ni langu, la fundo si langu, niko tayari kuapa juu ya Biblia.

"Yenu au yetu?" akauliza Romanus.

Jumbe akasema Biblia yoyote ni nzito, mbwa ni wa kuuawa vyovyote iwavyo, na akamwonyesha mwenye mkuki kwa kidevu: si yule, huyu. Mtasema, kwa ujinga wake, alimwendea yule mtu akitikisa mkia.

"Kamba niliifungua mimi."

Sauti ilitoka nyuma yangu kwenye mkeka. Hatukuwa tumezoea kuisikia isipokuwa kwenye nyimbo, kwa hiyo watu walitafuta kwanza ni nani. Oktavia alikuwa bado amekaa. Alisema anayetunza moto wa banda ni yeye. Kila siku tangu jogoo la kwanza mpaka kunapambazuka, yeye peke yake, na Romanus amelala. Fisi yule aliyechukua ndama mwezi wa Juni hupita nyuma ya banda, anamsikia anavyopumua kwenye ufa. Asubuhi moja mbwa wa jirani alikuwa anapanda kutoka bondeni, akamfungulia. Mbwa akalala miguuni pake. Kesho yake akamfungulia tena. Siku moja usingizi ulimchukua yeye mwenyewe, na alipoamka mbwa alikuwa juu ya chanja ya chini, kwenye maua yaliyokwisha kukauka. Aliyachambua manyoya kadiri alivyoona, akayalainisha maua kwa mkono, akanyamaza. Alidhani mkaguzi haangalii katikati.

Jumbe aliuliza mbwa wa watu alikuwa akimwitaje.

"Kwa jina lake," alisema Oktavia. "Ana jina jingine?"

Nilimwona Romanus akitazama shuka lake, ambalo viroboto walikuwa bado wanaruka juu yake. Mbele ya wanaume wote alikuwa amesema kwamba anaamka mwenyewe. Mwishowe alimwambia mkewe, kama vile wako wawili tu, "Uliniambia unaamka kusali rozari."

"Nasali pia," alisema Oktavia. "Mikono ndiyo iko motoni."

Jumbe aliinuka kwa shida, mkono kiunoni. Alisema mbwa aliyeitwa akaenda hana kosa, na shauri hili ni la nyumba ya Romanus, si la baraza, wakalimalizie huko. Mkuki ukarudishwa mapaani. Bibi Hulda alifungua jicho la mbwa wake, akajifunga tena kitambaa kichwani, akaanza kupanda kilima bila kumuaga mtu. Sikumlaumu. Nilimfuata nyuma na debe la viazi, akalipokea, ila hakunikaribisha kukaa, na hakunikaribisha mpaka Krismasi.

Sitasema kwamba tulipatana siku ile. Romanus aliongeza ua wake kwa mianzi mirefu mpaka mlango wa banda haukuonekana tena kutoka jikoni kwangu, na kila Mtasema alipopita karibu naye alimtazama miguu. Nami nikamtazama anavyotazama. Kama nani anatunza moto alfajiri, yeye au mkewe, hatukujua, wala hatukuuliza. Gunia lililofuata lilikwenda Makambako na kurudi tupu, kadi ikabaki ukutani. Kinyungu changu nilivuna chote isipokuwa ile mistari miwili ya viazi, ambayo ilikuwa kosa langu.

Lakini asubuhi moja mwishoni mwa Septemba Mtasema alirudi, nikampapasa kama nilivyozoea, na tumbo lake lilikuwa kavu, lina joto, linanukia moshi. Nikamlaza chali, nikamtanua vidole. Miguu yake ilikuwa safi. Haikuwa imelowa, haikuwa na tope la bondeni, haikuwa na jani la ua. Mtu alikuwa ameifuta kwa kitambaa, kidole kwa kidole, kwa uangalifu wa mtu anayefuta vikombe vya wageni. Ng'ambo ya mianzi mchi ulikuwa unatwanga. Nilitoka mlangoni nikaita, "Mtasema," ingawa alikuwa nyuma yangu pale pale. Mchi haukunyamaza.

Jumamosi nilimtafuta viroboto. Nikawapata watatu, hai. Nilimchambua mara ya pili kuhakikisha kwamba ni watatu kweli, nikaona huyu sasa analala sakafuni, miguuni pa mtu, wala hapandi chanja. Nikawarudisha kwenye manyoya, nikamwachia aende.